Mrefu Mmoja Hafanyi Timu

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)

Juma hili nimepokea barua kutoka Kidahwe, pale njia panda ambapo msafiri anayetoka Kigoma mjini hana budi kuamua kama anashika njia ya Kasulu au ile ya Uvinza. Aliyeiandika ni mzazi. Anasema ana kijana wa miaka 16 ambaye kila akipita gengeni watu huacha mazungumzo wakamtazama, kwa jinsi alivyo mrefu. Sasa wamezuka wapenzi wa mpira wa kikapu wenye nia ya kuanzisha timu ya kulipwa katika mkoa wetu. Wamemwendea mzee huyo na kumtaka amwachishe kijana shule aanze mazoezi mara moja, kwa maelezo kwamba timu ikishampata mtu wa kimo kile, kazi imekwisha na ushindi umo mfukoni. Mzee anauliza swali moja tu: Je, ni kweli?

Mzee wangu, swali lako ni fupi lakini limebeba mengi. Limebeba maisha ya mtoto, na limebeba pia fedha za watu watakaochangishwa. Ndiyo maana nimeona nisilijibu kwa mkato. Mimi si kocha wala sijapata kuwa kiongozi wa klabu. Ni mshabiki, na kazi yangu ni kutangaza. Lakini mshabiki naye ana macho, na kwa miaka mingi nimeyatumia macho hayo kutazama timu zikiinuka na nyingine zikizama. Nitakayoyasema leo ni maoni yangu, nikiyategemeza kwenye mambo ambayo kila mpenzi wa mchezo huu anaweza kuyahakiki.

Kwanza tupige hesabu ndogo, maana hesabu haina upendeleo. Mchezo wa kimataifa wa mpira wa kikapu una dakika 40, yaani robo 4 za dakika 10 kila moja. Kila upande una wachezaji 5 uwanjani. Zidisha 40 kwa 5, unapata dakika 200 ambazo timu inapaswa kuzijaza kwa watu wa kucheza. Sasa mchukue kijana wetu mrefu. Tuseme ana pumzi nzuri, tena ana bahati hapati faulo 5 za kumtoa nje mapema. Tumpe dakika 25. Hizo 25 katika 200 ni sehemu moja ya nane. Sehemu saba zilizobaki nani atazicheza? Wale waliomwendea mzee hawakulisemea hilo hata kidogo.

Tena hata katika hizo dakika 25, mrefu haupati mpira kwa kuuota. Timu ikichukua mpira ina sekunde 24 za kurusha kikapuni, na katika hizo ina sekunde 8 tu za kuuvusha kutoka nusu yake ya uwanja. Anayeuvusha ni yule mfupi, mwepesi, mwenye macho mawili mbele na mengine mawili kisogoni. Ndiye mchezesha timu. Akiwa hajui kazi yake, mrefu wenu atasimama chini ya kikapu ameinua mikono kama mtu anayesubiri embe lianguke, na embe halitaanguka. Ringi ina kimo cha mita 3.05, na mrefu anaifikia kwa urahisi kuliko wengine. Lakini kuifikia ringi mikono mitupu hakuhesabiwi pointi.

Baada ya hesabu hiyo, twende kwenye mfano ulio wetu wenyewe. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, wakati wenzake wa Marekani wa umri huo wamekwisha kuucheza miaka minane au tisa. Alisoma Makongo, akaenda Marekani, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kwa kimo chake cha mita 2.21 na bidii yake ya kuzuia mitupo ya wapinzani, akawa nguzo ya ulinzi ya chuo hicho, na mwaka 2009 wakafika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani. Mwezi Juni mwaka huohuo, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya NBA, klabu ya Memphis Grizzlies ikamchagua akiwa wa 2 kati ya vijana wote. Wa 1 alikuwa Blake Griffin. Nyuma ya Thabeet, akiwa wa 3, alikuwa James Harden, na wa 7 alikuwa Stephen Curry. Hivyo ndivyo Tanzania ilivyopata mchezaji wake wa kwanza katika ligi ile, na hapana shaka wengi wetu tulitembea vifua mbele.

Lakini tuangalie kilichofuata, bila kumwonea mtu. Msimu wake wa kwanza Thabeet alicheza wastani wa dakika 13 hivi kwa mchezo na kupata wastani wa pointi 3.1. Mwezi Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo, kwenye timu ya Dakota Wizards. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko. Mwezi Februari 2011 Memphis ikampeleka Houston katika mabadilishano ya wachezaji. Baadaye alipita Portland, kisha Oklahoma City.

Wapo waliosema kijana wetu hakujitahidi. Mimi nasema tuwaulize wajenzi kabla ya kulilaumu tofali. Memphis walipomchagua Thabeet, nafasi ya mtu wa kati tayari walikuwa naye Marc Gasol, Mhispania aliyekuwa ametoka kumaliza msimu wake wa kwanza. Haukupita hata mwezi mmoja wakamleta Zach Randolph, mtu mwingine mkubwa wa kucheza chini ya kikapu. Sasa kijana anayehitaji dakika nyingi ili ajifunze kwa kukosea na kurudia, angezipata wapi? Ni sawa na mwenye nyumba ya vyumba viwili anayenunua kitanda cha tatu, huku nyumba yenyewe haina mlango.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa hadithi hiyohiyo, maana hapo ndipo penye somo. Msimu wa 2008 hadi 2009 Memphis walishinda michezo 24 tu na kupoteza 58. Miaka miwili baadaye walishinda 46. Walipofika kwenye hatua ya mtoano ya mwaka 2011 walikuwa wa 8 katika kanda ya magharibi, na wakapangiwa San Antonio Spurs, waliokuwa wa 1 kwa ushindi wa michezo 61. Wakawatoa kwa michezo 4 kwa 2. Kabla ya hapo, Memphis haijapata kushinda hata mchezo mmoja wa mtoano katika historia yake yote. Mwaka 2013 wakafika fainali ya kanda.

Nani walioijenga timu hiyo? Marc Gasol alikuwa amechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Narudia, wa 48, wakati ambapo wengi huwa wamekwisha kuzima televisheni. Lakini kabla ya kufika Memphis alikuwa ameiva kwa miaka mitano katika ligi ya kulipwa ya Hispania, Barcelona na Girona. Randolph alikuwa amekwisha kupita klabu tatu, na sifa zilizomtangulia zilikuwa za ukorofi. Mike Conley, mchezesha timu, alibezwa na mashabiki miaka ya mwanzo. Uongozi ulipompa mkataba mpya wa miaka 5 mwaka 2010, watu waliucheka. Tony Allen aliletwa mwaka huohuo kwa kazi moja tu, kukaba. Na yule aliyekuja badala ya Thabeet ni Shane Battier, mtu asiyefunga sana, lakini anayejua kusimama mahali panapotakiwa kwa wakati unaotakiwa. Katika mchezo wa kwanza dhidi ya Spurs, ni huyo Battier aliyetupa kikapu cha pointi 3 zikiwa zimebaki sekunde chache, na Memphis wakaondoka na ushindi.

Mmeona basi. Aliyechaguliwa wa 2 hakupata nafasi, na aliyechaguliwa wa 48 akawa nguzo. Timu ilipoanza kushinda, ilikuwa imeacha kutafuta jina kubwa na imeanza kujiuliza swali la fundi: hapa panavuja wapi, na ni nani wa kupaziba?

Huyo Curry niliyemtaja, aliyechaguliwa wa 7, kimo chake ni kama mita 1.88. Kwa ligi ile ni mtu wa kawaida kabisa. Miaka yake ya mwanzo aliandamwa na maumivu ya kifundo cha mguu. Klabu yake ya Golden State haikumtupa. Ikamwongezea Klay Thompson, aliyechaguliwa wa 11 mwaka 2011, kisha Draymond Green, aliyechaguliwa wa 35 mwaka 2012. Mwaka 2015 wakachukua ubingwa, wakarudia 2017, 2018 na 2022. Kutoka kumchagua Curry hadi ubingwa wa kwanza ilipita miaka 6. Nawauliza wale wanaotaka kuanzisha timu yetu ya kulipwa: je, mna subira ya miaka 6? Au mnataka kuanza Januari na kubeba kombe Desemba?

Huenda mtu akasema, bwana mtangazaji, huko ni Marekani kwenye fedha, sisi ni maskini. Haya, turudi Afrika, tena kwa jirani zetu. Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011, ikaingia shirikisho la mpira wa kikapu duniani mwaka 2013. Hakuna asiyejua jinsi watu wa nchi ile walivyojaliwa urefu. Kama urefu ungekuwa ndio timu, wangekuwa mabingwa wa dunia siku ya kwanza. Kilichowainua ni mpangilio. Luol Deng, aliyezaliwa Wau mwaka 1985, akakimbia vita na familia yake hadi Misri kisha Uingereza, na kucheza NBA miaka 15, aliushika uongozi wa shirikisho la nchi yake. Akatafuta kocha, Royal Ivey. Akawatafuta vijana wa Sudan Kusini waliotawanyika Australia, Marekani na kwingineko, akawaweka pamoja wakafanya mazoezi, huku nyumbani hawana hata ukumbi wa ndani wa kuchezea.

Mwaka 2023 wakaenda Kombe la Dunia, wakamaliza juu ya timu nyingine zote za Afrika na kujipatia tiketi ya Olimpiki. Tarehe 20 Julai 2024, mjini London, walicheza na Marekani mchezo wa kirafiki wakapoteza kwa pointi 1 tu, 101 kwa 100. Juma moja baadaye, kwenye Olimpiki ya Paris, waliifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Na mnajua injini ya timu ile ilikuwa nani? Alikuwa Carlik Jones, mchezesha timu asiyefika hata mita 1.90. Katika Kombe la Dunia la 2023 alitoa wastani wa pasi za vikapu zaidi ya 10 kwa mchezo. Taifa la watu warefu liliendeshwa na mfupi, na warefu wakafurahi, kwa sababu mpira ulikuwa unawafikia.

Hapo tumeona umuhimu wa kocha na wa mchezesha timu. Lakini lipo jambo jingine ambalo mashabiki hatupendi kulizungumza, nalo ni ofisi. Mwaka 2021 ilianza kuchezwa ligi ya klabu za Afrika, kwa ushirikiano wa NBA na shirikisho la dunia, na msimu wa kwanza ukachezwa Kigali, katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 2019. Patriots ya Rwanda ikamaliza ya 4. City Oilers ya Uganda iliingia mwaka 2023, Nairobi City Thunder ya Kenya mwaka 2025. Na mwaka 2024 iliingia Dynamo ya Bujumbura, hapo tu ng'ambo ya maji yetu, ambako boti hutoka Kibirizi zimejaa mizigo.

Dynamo ilikwenda Pretoria, ikashinda mchezo wake wa kwanza. Kisha kukatokea mvutano kuhusu maandishi ya kuitangaza Rwanda yaliyokuwa kwenye jezi za mashindano. Nchi hizo mbili zilikuwa hazielewani. Timu haikukubali kuyavaa, michezo iliyofuata ikahesabiwa kuwa imepoteza, na safari ikaishia hapo. Sitaki kuhukumu nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba vijana waliotoka jasho miaka kadhaa walirudi nyumbani kwa jambo ambalo halikuamuliwa uwanjani. Timu ya kulipwa ni mikataba, kanuni, barua zinazojibiwa kwa wakati, na mtu wa kusoma kila ukurasa kabla ya kutia saini. Kama hamna ofisi ya namna hiyo, hamna timu. Mna kundi la watu wenye jezi zinazofanana.

Sasa tuje kwetu Kigoma. Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nani asiyeijua meli yetu ya Liemba? Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa huku kwa njia ya reli iliyokuwa inajengwa. Mafundi wachache waliokuja nayo wakaiunga hapa hapa Kigoma, na mwaka 1915 ikateremshwa majini. Ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Fikirini kama wale mafundi wangesema, sisi tunataka bomba la moshi tu kwa sababu ndilo refu na ndilo linaloonekana kwa mbali! Bomba la moshi halielei. Kinachoelea ni mabati ya chuma ya chini, yaliyofungwa kwa ribiti ndogo ambazo abiria hawazioni.

Wala mtu asituambie Kigoma hatupendi michezo. Mwaka 2023 Mashujaa ilipoitoa Mbeya City katika mechi za mchujo na kupanda Ligi Kuu ya soka, mji mzima ulikuwa na furaha. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga zilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika uwanja wetu wa Lake Tanganyika, na watu walikuja kwa treni, mabasi na boti. Mapenzi tunayo. Lakini tuitazame vizuri Mashujaa. Nyuma yake kuna jeshi. Mshahara una mwenyewe, chakula kina mwenyewe, mazoezi yana saa yake. Sikusema kila timu iwe ya jeshi. Ninasema kila timu inayodumu ina mgongo wa kuegemea, na mgongo huo lazima ujulikane kabla ya kumwita mchezaji wa kwanza.

Huku kwetu mgongo unaozoeleka ni mfanyabiashara mmoja mwenye moyo. Leo ana boti za dagaa, analipa jezi, analipa nauli, anashangiliwa. Lakini mwaka 2024, kuanzia katikati ya mwezi Mei hadi katikati ya Agosti, ziwa lilifungwa ili samaki wazaane. Ulikuwa uamuzi wenye faida kwa siku za mbele, lakini kwa miezi 3 boti zilikaa ufukweni. Niambieni, timu inayomtegemea mwenye boti mmoja ingekula nini miezi hiyo? Mchezaji wa ridhaa anaweza kuvumilia, kwa sababu hakuahidiwa kitu. Mchezaji wa kulipwa ana mkataba, ana kodi ya nyumba, na pengine ana mke na watoto. Usimwite mtu wa kulipwa kama huna hakika ya kumlipa mwezi wa sita. Ukimwita kwa ahadi, unamwita kwa deni.

Basi wale wapenzi wenye nia ya kuanzisha timu, nawaheshimu, maana nia njema si kitu kidogo. Kama wangeniuliza mimi mshabiki waanzie wapi, ningewaambia hivi.

Kwanza, anzeni na viwanja. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Si eneo kubwa, linaingia mara nyingi ndani ya kiwanja kimoja cha soka. Sakafu ya saruji iliyolainishwa vizuri, nguzo mbili imara, ringi zisizopinda, na mistari inayoonekana. Vikipatikana viwili Mwanga, kimoja Ujiji, kimoja Kidahwe na kimoja Kasulu, mtakuwa mmefanya zaidi ya kununua warefu kumi.

Pili, lipeni mwalimu kabla ya kulipa mchezaji. Mwalimu mmoja mwenye ujuzi, anayekaa mahali pamoja miaka mitano, atawapitia vijana kwa mamia. Mchezaji mmoja wa kuazima atacheza msimu mmoja na kupanda basi.

Tatu, tafuteni watoto wa miaka 11 na 12, wala msiangalie kimo. Katika umri huo hakuna anayejua nani atarefuka. Wafundishwe wote kudunda mpira kwa mikono yote miwili, kutoa pasi na kukaba. Atakayerefuka baadaye atakuwa mrefu mwenye mikono ya mfupi, na huyo ndiye anayetafutwa dunia nzima.

Nne, wawepo waamuzi na makarani wa meza. Timu haijengwi kwa mazoezi peke yake, hujengwa kwa michezo yenye matokeo yanayoandikwa. Shule kwa shule, kata kwa kata, kila Jumamosi, mwaka mzima. Kijana anayecheza michezo 30 kwa mwaka, hata kama ni ya mtaani, atamshinda yule anayecheza 4 akiwa na viatu vipya.

Tano, daftari la fedha lisomwe hadharani. Mwanachama aliyetoa shilingi zake elfu mbili ana haki ya kujua zimekwenda wapi, sawasawa na yule aliyetoa milioni.

Hayo yakikamilika, ndipo sasa muulize tunapungukiwa na nini. Mkiona kinachopungua ni mtu mrefu, mtafuteni mrefu. Akitoka Bujumbura au Kalemie, karibu sana, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini atakuwa amekuja kuziba pengo linalojulikana, hatakuwa amekuja kubeba nyumba nzima kichwani.

Mzee wangu wa Kidahwe, sasa nikujibu wewe. Si kweli kwamba mwanao akipatikana kazi imekwisha. Lakini pia si kweli kwamba urefu wake hauna maana. Ni neema, na neema hutunzwa. Usimwachishe shule. Nina sababu, wala si ile ya kawaida ya kusema elimu ni ufunguo wa maisha. Sababu yangu ni ya kimchezo. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akiwa na nia ya kuwa daktari. Huko akakutana na kocha John Thompson, naye mtu mrefu aliyewahi kucheza nafasi hiyohiyo ya kati. Akakaa pale miaka 4, anasoma na kucheza, ndipo mwaka 1991 Denver wakamchagua wa 4. Mwaka 1994 Denver wakiwa wa 8 waliwatoa Seattle waliokuwa wa 1, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika ligi ile. Alipata tuzo ya mkabaji bora mara 4. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa na kuipa jina la mama yake ilifunguliwa. Alifariki mwaka 2024, na Kongo nzima ilimlilia.

Kumbuka basi, mzee, kwa kijana mrefu shule ndiyo mahali penye ratiba, wenzake wa rika, na muda wa kukua bila kuharakishwa. Mwili wa miaka 16 unaorefuka upesi una mifupa ambayo haijakaza. Ukibebeshwa mazoezi ya watu wazima kila siku, magoti yatalalamika kabla ya miaka 20. Wakija tena, waambie wamfundishe jioni na siku za mapumziko, akiwa bado mwanafunzi. Waulize mwalimu ni nani. Waombe wakuonyeshe maandishi, na maandishi hayo uyasome pamoja na mtu unayemwamini kabla ya kuweka kidole. Wakikubali, ni watu wa kujenga. Wakikasirika, utakuwa umejua walichokuwa wanakitafuta.

Nanyi wasikilizaji wengine, wa Mwanga, wa Ujiji, wa Gungu na wa kila pembe ya mkoa, huenda siku si nyingi mkapitiwa na bakuli la mchango wa timu. Msikatae kwa sababu ya maneno yangu, wala msitoe kwa sababu ya shangwe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na timu ni vidole vyote vitano pamoja na mkono unaovikunja. Atakayekuja na bakuli, msimuulize mrefu wao ana futi ngapi. Muulizeni mwalimu ni nani, daftari la fedha linashikwa na nani, na watoto wa miaka 12 wanacheza wapi. Mkipata majibu matatu, changieni kwa moyo mmoja. Mkionyeshwa mrefu peke yake, rudisheni fedha mfukoni mkamnunulie mtoto daftari na mpira.